Albamu za Nusu Mwaka, na Nyimbo Zilizofuata Njia ya Pembe

Kila Juni inapokaribia kwisha, wanafunzi wangu huniuliza swali ambalo halimo katika mtaala wowote: "Dokta, nusu mwaka umekatika, tutajie albamu zako bora." Mchezo huu ulianza siku waliponikuta nikisahihisha mitihani huku nimevaa visikilizio masikioni, na tangu hapo umekuwa ada. Kwa kawaida swali hili halinisumbui. Nusu ya kwanza ya mwaka 2020, kwa mfano, ilijijibu yenyewe: Harmonize alitoa Afro East mwezi Machi, Zuchu akajitambulisha Aprili kwa mkusanyo wa nyimbo chache uliobeba jina lake, na sisi tuliokuwa tumefungiwa na ugonjwa wa dunia tulikuwa na muda mwingi wa kubishana ipi imezidi ipi.

Safari hii swali lilinikuta Kipalapala. Nilikuwa Tabora kwa ajili ya utafiti usiohusu muziki hata kidogo, na Jumapili nilikwenda kusali seminarini, nje kidogo ya mji. Kwaya iliimba kwa ngoma na manyanga, na wakati wa matoleo sauti za chini ziliingia kwa uzito ambao mtu wa Pwani kama mimi huusikia mara chache. Baada ya Misa nilimwona kijana mmoja akihifadhi wimbo aliokuwa ameurekodi kwa simu. Nikamwuliza kama anazo nyimbo za mwaka uliotangulia. Akacheka. "Zile zilikuwa kwenye simu ya zamani, Dokta, na ile simu ilizama kisimani."

Nilirudi mjini nikiwa na ujumbe wa wanafunzi mkononi na kisima kichwani. Nikajaribu kulijibu swali lao kwa namna nyingine: mkazi wa Tabora aliyeishi hapa miaka sitini, mia moja, mia moja na sitini iliyopita angetaja nini? Angepewa nini cha kubeba nyumbani, akakisikiliza tena akitaka?

Tuanze na njia. Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, mji huu ulikuwa kituo kikuu cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Burton na Speke walifika hapa mwaka 1857, wakati wageni wa Pwani wakiuita Kazeh, na kule Kwihara, jirani na Kipalapala, lingali limesimama tembe walimokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Historia ya shuleni hutuonyesha pembe za ndovu, watumwa na wafanyabiashara wa Kiarabu, kisha inapita. Kwa muda mrefu haikutuonyesha sawasawa mpagazi wa Kinyamwezi kama mfanyakazi aliyepatana ujira, aliyegoma alipodhulumiwa, na aliyekuwa na adabu na fahari ya kazi yake. Mwanahistoria Stephen Rockel amelifanyia jambo hili kitabu kizima, na ninawahimiza wanafunzi wakisome, kwani kinaondoa ile picha ya mtu mweusi aliyeinama chini ya mzigo bila jina wala neno.

Neno alikuwa nalo, tena kwa sauti. Msafara uliongozwa na kirangozi, aliyetangulia mbele na bendera, na ngoma haikukosekana. Wimbo uliwekwa na mmoja ukapokewa na mamia. Uliwapanga hatua, uliwasema wenye msafara waliobania posho, uliwatangazia wenyeji wa kijiji kwamba wageni wanakuja na wana ushanga wa kununulia chakula. Wimbo wa namna hiyo haukuwa na dakika tatu. Ulikuwa na urefu wa njia, na ulibadilishwa maneno kulingana na habari za siku.

Mmoja wa watu wa kwanza kuukata wimbo huo kwa kisu cha mashine alikuwa Mzungu mwenye kinasa sauti cha silinda za nta. Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, alisafiri kusini mwa koloni la Wajerumani, maeneo ya Lindi na Masasi, akiwa na chombo hicho. Wapagazi wake walikuwa Wanyamwezi, na usiku kambini waliimba mbele ya pembe ya mashine. Ninapenda kuitafakari picha hiyo: vijana wa Unyamwezi, mamia ya kilomita kutoka kwao, katika nchi iliyokuwa bado inanuka moshi wa Maji Maji, wanaimbia kisanduku. Silinda moja ilibeba dakika chache tu. Miaka mitatu baadaye, 1909, Erich von Hornbostel, mkuu wa hifadhi ya sauti ya Berlin, alichapisha katika jarida la Anthropos makala ya kitaalamu kuhusu nyimbo za Wanyamwezi. Makala ilitokana na silinda alizozisikiliza Berlin, bila mwandishi kuketi na waimbaji wake. Ni kazi ya kisomi yenye thamani. Ni kielelezo pia: muziki wa Unyamwezi uliingia katika maandishi ya dunia kwa kupita njia ileile ya pembe za ndovu, kutoka bara hadi pwani, kutoka pwani hadi ghalani Ulaya, na hesabu ikafungwa huko.

Hifadhi ile ya Berlin imo tangu 1999 katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia. Neno "dunia" hapo lina wasaa mkubwa.

Vita ya Kwanza ilipita Tabora kwa kishindo. Wabelgiji waliuteka mji Septemba 1916, na wapagazi na askari waliorudi, wale waliorudi, walikuja na tarumbeta na gwaride. Ngoma ya beni, iliyozaliwa Pwani, ilistawi Tabora kwa vyama vyake viwili vya Marini na Arinoti, vyenye vyeo, sare na ushindani wa kutisha. Terence Ranger ameieleza vizuri na sitairudia. Ninataka tu msomaji akumbuke kwamba bendi za dansi za baadaye hazikuota Tabora kama uyoga. Mji ulikuwa na wapiga tarumbeta, vyama vya michango na mabishano ya nani bora nusu karne kabla ya gitaa la umeme.

Kwenye miaka ya 1950 na 1960 mji huo ulitoa Kiko Kids, bendi ya Salum Zahoro, na baadaye Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz. Kwa mji wa ukubwa huo, bendi tatu zenye jina nchi nzima si jambo dogo. Tabora Jazz waliuita mtindo wao Segere Matata, na walipompata Shem Karenga, aliyetokea Lake Tanganyika Jazz ya Kigoma, walipata mtunzi ambaye nyimbo zake ziliimbwa na watu ambao hawakuwahi kufika magharibi ya Morogoro.

Sasa, mkazi wa Tabora wa miaka ile angetaja albamu gani? Hakuna. Na hapa vijana wangu hushangaa. Albamu, kwa maana ya sahani kubwa yenye nyimbo nane au kumi zilizopangwa na mwanamuziki, ilikuwa kitu adimu katika muziki wa dansi wa Tanzania. Tulikuwa na santuri ndogo, wimbo mmoja upande huu na mwingine upande ule, kila upande dakika tatu au zaidi kidogo. Wimbo wa dansi una mwanzo wa taratibu, mashairi yake, kisha unaingia chemko, pale magitaa yanaposhikana na saksafoni inapiga kelele ya furaha. Dakika tatu hazitoshi. Ndiyo maana santuri nyingi zimeandikwa sehemu ya kwanza na sehemu ya pili: mashairi upande mmoja, chemko upande wa pili, na katikati mtu anainuka kwenda kuigeuza sahani.

Santuri hizo zilitoka kiwandani Nairobi, kwa kuwa nchini hapakuwa na kiwanda cha uhakika cha kuzitengeneza. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na mpaka wa Kenya ukafungwa hadi 1983, mwanasiasa aliona forodha na mabehewa ya treni. Mpenzi wa muziki aliona kitu kingine: santuri mpya zimekauka. Sijaona kitabu cha historia ya kisiasa kinachoutaja upungufu huo miongoni mwa hasara za kuvunjika kwa Jumuiya. Ningeuweka humo bila haya.

Kilichobaki ni Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi ya Tabora ilipanda treni, zaidi ya kilomita 800, na vyombo vyake, ikaingia studio, ikapiga nyimbo zake moja kwa moja bila kurudiarudia, ikarudi nyumbani. Katika utepe wa redio wimbo uliweza kwenda dakika sita au saba, mashairi na chemko pamoja, na wengi wetu tunaamini ndiyo sababu rekodi za redio za miaka ya 1970 zina pumzi ambayo santuri hazina. Redio ya taifa, ikiwa na sera ya kupendelea muziki wa nyumbani, iliufanya muziki wa Tabora usikike Mtwara na Bukoba. Bila redio ile nusu ya tunachokiita zilipendwa kisingekuwepo. Ninalisema hili kwa mkazo kwa sababu imekuwa desturi kuilaumu redio ya umma kwa kila kilichopotea.

Hata hivyo kuna jambo la kulisema. Utepe ulibaki Dar es Salaam. Mwanamuziki alirudi na sifa, wala hakuwa na nakala. Mpenzi wake wa Tabora alikuwa na wimbo kwa saa ambayo mtangazaji aliamua kuupiga, na asipokuwa karibu na redio saa hiyo, basi. Mrabaha wa maana haukuwepo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tuliyonayo ni ya mwaka 1999, na Mkataba wa Berne tumeujiunga 1994. Wakati huo Segere Matata ulikuwa tayari ni kumbukumbu ya wazee. Sheria hiyo inatambua haki za aina tatu juu ya wimbo mmoja uliorekodiwa: haki ya mtunzi, haki ya wapigaji na waimbaji, na haki ya aliyerekodi au aliyetangaza. Kwa rekodi ya 1975 iliyopigwa na watu kumi na wawili waliokubaliana kwa mdomo, nani leo anaweza kutoa ruhusa? Maafisa wa serikali wanaosoma hapa wanajua kwamba swali hili likikosa jibu, jibu la kawaida la ofisini ni kuliacha jalada lilale.

Katikati ya yote hayo Hugh Tracey alipita. Mwaka 1950 aliizunguka Tanganyika na gari lake la kurekodia, akazinasa ngoma na nyimbo za Wanyamwezi, Wasukuma, Wagogo, Wahehe na wengine. Rekodi zake ziko leo katika maktaba aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo tangu 1978 iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Sehemu yake imetolewa upya kwenye sidii nchini Uholanzi. Santuri za Kiko Kids nazo zilikusanywa pamoja na za Salum Abdallah wa Morogoro na John Storm Roberts, akazitoa Marekani mwaka 1987 kwa jina la The Tanzania Sound. Msomaji anaweza kuanza kuuona mstari. Karne ya ishirini ya muziki wa Tabora imegawanywa kama urithi wa marehemu asiye na wosia: silinda Berlin, rekodi za 1950 Afrika Kusini, santuri kwa wakusanyaji wa Marekani na Ulaya, utepe wa redio Dar es Salaam. Mjini Tabora nimetembea wiki nzima nikiuliza ni wapi mwanafunzi wa sekondari anaweza kuketi, akavaa visikilizio, akasikia Kiko Kids. Nilielekezwa kwa mzee mmoja mwenye kaseti, na kaseti zenyewe utepe umejikunja.

Kipalapala ina somo lake hapa, na ndiyo sababu nimeanza nayo. Mapadre Weupe walifika hapa miaka ya 1880, na seminari kuu ikaanzishwa 1925. Kiwanda cha uchapaji cha TMP kiliwafikishia wazazi wetu vitabu vya sala na nyimbo katika nchi nzima, na gazeti la Kiongozi lilianza katika mji huu mwaka 1950. Kwa miongo mingi kilichoimbwa kanisani kilikuwa cha Kilatini au tafsiri ya nyimbo za Ulaya. Padre Stephen Mbunga wa Peramiho alichapisha mwaka 1963 kitabu kuhusu sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu, na Desemba ya mwaka huohuo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipitisha hati ya liturujia iliyoheshimu muziki wa watu wa nchi za misioni. Ngoma ikaingia kanisani. Mabadiliko hayo tunaweza kuyafuatilia katika karatasi: noti zipo, maneno yapo, tarehe zipo. Sauti ya kwaya ya kwanza iliyothubutu kupiga ngoma mbele ya altare ya kijijini tunaweza kuikisia tu. Watu waliothamini kuchapa wametuachia vitabu. Hakuna aliyewaambia kwamba sauti nayo ni hati.

Najua jibu la baadhi ya wanafunzi wangu: Dokta, sasa kila kitu kiko mtandaoni, tatizo limekwisha. Sidhani. Tangu Mr. II alipotoa Ni Mimi mwaka 1995 na Professor Jay akatoa Machozi, Jasho na Damu mwaka 2001, kizazi chenu kimepata kitu ambacho Shem Karenga hakukipata: albamu inayopangwa na msanii mwenyewe, kwa jina alilochagua. Ni ushindi wa kweli. Lakini tazameni majina ya miaka ya karibuni. A Boy from Tandale, Afro East, Only One King, The Kid You Know. Mtoto wa Tandale ametambulishwa kwa Kiingereza kwa watu wa Tandale. Kwa upande mwingine Msafiri Zawose wa Bagamoyo alitoa albamu yake Uhamiaji mwaka 2017 kupitia kampuni ya London, kwa jina la Kiswahili, na wanunuzi wake wa Ulaya hawakulalamika. Silaumu wasanii, wanafuata soko. Nataka tu tukubali kwamba soko lina mwelekeo, nao ni uleule wa njia ya Bagamoyo. Na kilichoko mtandaoni kinakaa katika kompyuta za kampuni ambazo hazina wajibu wowote kwa Tabora. Siku mkataba ukivunjika wimbo unaondoka, kama simu iliyozama kisimani.

Lipo jambo linalowezekana, na halihitaji bajeti ya wizara. Maktaba ile ya Afrika Kusini imewahi kurudisha nakala za rekodi za 1950 kwa Wakipsigis wa Kenya, kijijini kabisa, na baadhi ya waliorekodiwa walikuwa hai kuzipokea. Afisa utamaduni wa mkoa akiandika barua rasmi kuomba nakala za rekodi za Unyamwezi, ataiandika kwa ukurasa mmoja. Barua ya pili iende Berlin. Ya tatu ni ngumu zaidi kwa sababu inakwenda Dar es Salaam na inahusu hakimiliki, lakini kusikiliza ndani ya chumba cha maktaba ya mkoa si sawa na kuuza, na mwanasheria mzuri anaweza kuitenganisha mistari hiyo miwili mchana mmoja. Wanafunzi wangu wa shahada ya pili wanaotafuta mada, mada ni hii.

Nina deni la orodha. Kwa nusu mwaka huu nimesikiliza zaidi vitu vitatu. Cha kwanza ni mkusanyo wa rekodi za Tracey za 1950, hasa za ala za muziki, ambao ninaushauri usikilizwe asubuhi. Cha pili ni The Tanzania Sound, kwa ajili ya Kiko Kids. Cha tatu ni wimbo mmoja wa matoleo wa dakika nne na nusu, uliorekodiwa kwa simu Kipalapala, una kikohozi cha mtoto katikati na mlango unaogongwa mwishoni. Yule kijana alinitumia kabla sijapanda basi. Nimeuhifadhi mahali patatu, pamoja na tarehe, jina la mtunzi na majina ya wapiga ngoma, ambayo nilimwomba aniandikie yote.

Ikiwa kwenu kuna santuri ndogo ya bendi yoyote ya Tabora, hata iliyopasuka, msiitupe wala msiiuze kwa mpita njia. Ipigeni picha pande zote mbili, namba ndogo zilizochorwa karibu na tundu la katikati zisomeke, kisha ulizeni mzee wa nyumba aliinunua wapi na lini. Andikeni jibu lake kama alivyolisema.